Nilivyomfuata Halima Buna na Gari la Vita

Tangu nirudi, kila nikiketi hotelini kwa Salim, kabla chai haijapoa mtu ananiuliza, "Ehe, Mzee Abdi, Buna kulikuwaje?" Nikianza kusimulia nafika kwa Dahir, na nikifika kwa Dahir natukana, na msikiti uko ng'ambo ya njia tu. Basi naandika. Salim atawasomea, yeye ana sauti na hana haraka. Mimi shule yangu ni chuo cha Kurani na depo ya jeshi wakati wa vita, ambako walinifundisha kuendesha lori na kuandika "maji", "mafuta" na jina langu. Mengine nimejifundisha. Mwandiko ukipinda ni hasira, msilaumu kalamu.

Sababu ya safari mnaijua, lakini hotelini huingia wageni, nao wasikie. Binti yangu Halima aliolewa Buna kwa watu wa ngamia, akapata watoto huko. Mumewe akafariki, Mungu amrehemu, alikuwa kijana mpole. Kwetu mume akifa, ndugu yake humrithi mjane. Eda ikiisha wazee huketi, wakauliza: nani ana neno? Wa kuulizwa ni baba wa mwanamke. Mwanamke mwenyewe huona haya kukataa mbele ya wakwe, akanyamaza. Baba akiwa hayupo, naye amenyamaza. Kimya na kimya vikikutana, Salim, hiyo ni ndoa.

Ndugu wa marehemu anaitwa Gedi. Nilimwona siku ya harusi. Mkono wake mwepesi kwa fimbo, kwa ngamia na kwa mtu. Eda ilikuwa inaisha mwezi mpya ukiandama. Halima akampa dereva wa lori la ngozi maneno ya kunifikishia: "Mwambie aabo aje kabla ya mwezi." Aabo maana yake baba. Hakusema zaidi, na mimi sikuhitaji zaidi. Nikamwambia mama yake, "Namwendea mtoto. Tandika kitanda chake."

Mambo ya pasi na ruhusa siyaandiki. Mnayajua, na karatasi hii ni ndogo.

Garissa, kabla ya kuondoka

Gari langu ni lile dogo la jeshi, kuukuu, lililozeeka vitani kama mimi. Lina gea ya kuvuta magurudumu yote manne, na hiyo ndiyo heshima yake iliyobaki. Nilikuwa na safari fupi ya Bura, nikamwachia Dahir alitengeneze kwa njia ya Buna. Dahir ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mjomba wa Halima. Amekuwa utingo wa malori miaka mingi. Mtu akikaa sana nyuma ya lori hudhani alikuwa anaendesha.

Narudi kutoka Bura, gari silijui. Ameongeza mabapa ya springi kutoka kwa lori lililokufa, ameongeza, ameongeza, mpaka gari limesimama juu kama mbuzi anayefikia majani ya mti. Amelivisha matairi mapana, na kwa kuwa hayakuingia, amekata madigadi kwa tindo. Chini ya injini amefunga bati zito la pipa kuzuia mawe, na hilo nalisifu, maana mimi si mtu wa kudhulumu. Lakini mbele! Mbele, juu ya uso wa rejeta, ametundika viriba vya maji, vimejaa, vimebanana.

Nikamwuliza, "Dahir, rejeta itapumua wapi?"

"Maji yenyewe yataipoza, shemeji. Baridi mbele, joto nyuma."

"Feni inavuta upepo kutoka mbele. Umeiziba pua!"

"Basi nitaondoa kimoja."

"Ondoa vyote!"

"Na ukifa kiu njiani utasema Dahir hakuweka maji."

Nikapandisha sauti, akapandisha yake. Mke wangu akatoka nje na mwiko mkononi. "Mtoto wangu anahesabu siku, nyinyi mnagombania viriba?" Kwa mwiko ule tukaondoka kama tulivyo, viriba mbele, Dahir kando yangu akitabasamu kama bwana harusi.

Kufika Modogashe

Nani amekaa juu ya gari lenye springi za lori bila mzigo wa lori? Halibonyei. Kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Nilipofungua kinywa kumtukana Dahir niliuma ulimi, nikawa namtukana kwa ulimi uliovimba.

Jua halijapanda vizuri, rejeta ikaanza kuimba. Nikasimama. Nikaligeuza gari lielekee upepo, hivyo ndivyo tulivyofanya vitani njia ya Moyale, na nikasema, "Usiguse kifuniko. Ngoja." Vitani, nilikuwa na sajini mmoja aliyefungua kifuniko cha rejeta ya moto akitushangaa sisi tunaokimbia, naye ngozi ya uso wake... lakini napotea. Nasema tu nilimwambia asiguse. Dahir akagusa. Maji yakaruka juu kama chemchemi, yeye akaruka upande mmoja, mimi upande mwingine. Hakuungua, na Mungu anisamehe, nilisikitika kidogo.

Tukafunga viriba ubavuni. "Si nilisema niondoe kimoja?" akasema. Nikawasha gari. Ningejibu, Halima angebaki bila mjomba.

Baadaye miiba. Njia ile miiba ina hamu na mpira. Tuliziba, tukaziba, gundi ikaisha, nikajaza tairi moja nyasi kavu, nikalikandamiza kwa kisigino mpaka likawa gumu. Linakwenda polepole likipiga kelele kama ng'ombe anayetafuna, lakini linakwenda.

Modogashe kuna mama anayepika maini ya mbuzi na anjera, zile chapati zetu laini, na chai yake ina iliki ya kutosha. Malori yalikuwa yamepanga mstari na madereva wamelala chini yake. Mmoja akainua kichwa akaliona gari letu.

"Mzee, hilo gari au ngazi?"

"Ni ngazi ya kupanda kwa mama yako," nikamwambia, na wote wakacheka, naye pia. Akanisogezea sahani tule pamoja. Akanipa gundi ya mpira bila kuombwa. Kisha akasema maneno yaliyonikata hamu. "Habaswein mvua imenyesha. Sisi sote tunangoja ardhi ikauke."

"Inakauka lini?"

"Mwezi mpya, inshallah."

Nikaacha maini sahanini. Mnanijua, mimi siachi maini.

Matope ya Habaswein

Kule ardhi ni nyeusi. Ikiwa kavu ni jiwe, ikinywa maji ni samli. Niliingiza magurudumu yote manne kazini nikamwambia Dahir asizungumze. Tulikwenda vizuri mpaka tulipoona mti ulioanguka, nikakata kona, na matairi yale mapana ya Dahir yakagusa chuma. Maana alikata madigadi ya mbele kwa gari linalokwenda moja kwa moja! Kona hakuikumbuka! Usukani ukagoma, tukateleza, kisiki kikachoma rejeta, na gari likaketi tumboni juu ya lile bati lake.

Dahir akatoa turubai, paa letu, akaliweka chini ya magurudumu ya nyuma. "Litashika," akasema. Lilishika. Lilishikwa, likazungushwa, likatoka nyuma vipande vipande kama tambi. Kuanzia hapo tulisafiri bila paa, na jua la kule sina haja ya kuwaeleza.

Wakaja wachungaji na ngamia wao, vijana wenye nguvu pamoja na mzee wao mmoja. Nikamshukuru Mungu. Dahir akawakimbilia, "Walaal, ndugu zangu, fungeni ngamia wawili hapa mbele watuvute!"

Mzee yule akamtazama kama aliyesikia mtu akitukana msikitini. "Ngamia wangu avute? Ngamia anabeba. Anayevuta ni punda." Akageuka aende.

Nikamwahi, nikampa salamu inavyopasa, nikamwomba radhi kwa ajili ya shemeji yangu. Akalainika. Wakaketi wote pembeni, penye majani makavu. Nikangoja wainuke wasukume. Hawakuinuka.

"Habari kwanza," mzee akasema.

Nyinyi mliokuja kutoka pwani hamjui jambo hili. Kwetu hakuna kinachofanyika kabla ya habari. Mtu akikutana na mtu anatoa habari yake yote, kisha anapokea ya mwenzake. Mvua wapi, majani wapi, nani kafa, nani kaoa, bei ya ngozi. Mimi nimesimama kwenye matope mpaka magoti, maji ya rejeta yanachuruzika, nami naeleza majani ya Garissa yakoje! Nilipomaliza, mzee akaanza yake. Mzee ana ndugu wengi, na wote wana habari.

Nikasema, "Mzee, binti yangu anarithiwa mwezi ukiandama."

"Hiyo ndiyo habari," akasema, akanyanyuka. "Ungeanza nayo."

Walisukuma mara moja tu, kwa kelele moja, na gari likaruka kama swala. Liliposhuka, tukasikia *ta!* Springi ya mbele, ile ngumu ya Dahir, imevunjika.

Nikaomba kipande cha ngozi mbichi ya ngamia, nikaifunga springi na kipande cha mti, nikaizungusha, nikaivuta kwa meno. Ngozi ikikauka hukaza kuliko waya. Rejeta nikaiziba kwa sabuni na tende nilizotafuna. Dahir akasimama juu yangu.

"Tende tamu, shemeji. Itavuta siafu."

"Wakija nitawaambia wewe ni asali."

Maji yote ya viriba tulimimina rejetani, na bado haikujaa.

Kisimani Wajir

Asubuhi niliuona mwezi wa zamani upande wa mashariki, umebaki kama ukucha. Tuliingia Wajir injini ikinuka, nikaliendesha gari moja kwa moja mpaka visimani. Hapo, Salim, soma taratibu, maana hapa ndipo nilipokaribia kupigana na mtu anayelingana na baba yangu.

Visima vile vina wenyewe, na zamu, na msimamizi. Msimamizi alikuwa mzee mwenye ndevu za hina. Sheria ni moja: mtu mwenye kiu anakunywa sasa hivi, hata awe adui. Mnyama anangoja zamu, na mnyama wa mgeni yuko nyuma ya wote. Ngamia walikuwa wamejaa mpaka upeo wa macho.

Tulikunywa. Kisha nikaomba maji ya gari.

Mzee akalizunguka. "Hii ni mtu?"

"Ni gari, mzee."

"Inabeba mzigo?"

"Inabeba."

"Inabeba mtu?"

"Ndiyo."

"Basi ni ngamia. Itangoja na ngamia wa wageni. Pale."

"Mzee wangu, ni debe moja tu! Binti yangu ananingoja Buna, mwezi unaisha!"

"Binti yako akija hapa atakunywa sasa hivi. Amekuja?"

Niambieni, jibu la swali hilo ni lipi? Nikakunja ngumi, nikaikunjua. Wachotaji wakaendelea kuimba, ndoo ya ngozi ikipanda ikishuka, maji yanamwagwa kwenye hori mbele ya macho yangu.

Dahir akanikonyeza. Akaenda kwa mchotaji, "Nina kiu, walaal." Akapewa kata. Akajaza mashavu, akatembea taratibu mpaka garini, akainama, akatema rejetani. Akarudi. "Nina kiu." Akapewa. Akatema. Akarudi tena, mashavu kama mpiga tarumbeta. Sasa wanawake wenye punda walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, na mimi, nitasema kweli, nilikuwa nimeanza kutumaini.

"Huyu ana kiu kama ngamia wa kiangazi cha jilali," mmoja akasema.

Kijana mmoja akamfuata akaona. "Anatema! Anatema maji ya kisima chetu!"

Kicheko kikakatika. Kutema maji ya kisima mbele ya waliokichimba! Ni kama kutema chakula cha mwenyeji mbele ya watoto wake. Mzee wa hina akaja polepole, na upole wake ulinitisha kuliko fimbo.

"Nilisema ni ngamia," akasema. "Nilikuheshimu. Sasa gari yako ni mbuzi."

Maana yake ni nini? Mbuzi wa wageni hunywa baada ya ngamia wote, punda wote, na mbuzi wote wa wenyeji. Tulilala hapo. Siku ya pili jua likawa kali, na gari lenye magurudumu manne limesimama kwenye foleni katikati ya mbuzi, mbuzi mmoja amepanda juu ya boneti. Nilimwambia Dahir mambo ya ukoo wake mpaka babu wa babu. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Dada yangu aliniambia ungekasirika."

Zamu ilipofika walitujazia mpaka juu, na viriba pia. Mzee wa hina akatuletea bakuli la maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, akaomba habari, akasema, "Mungu akufikishe kwa binti." Hakuwa mtu mbaya. Nilikunywa maziwa yake kwa hasira.

Buna

Kutoka Wajir sikusimama ila kwa sala. Maji ya Wajir yana chokaa, rejeta ilikuwa inakohoa, ile ngozi kwenye springi imekauka inalia kama mlango, na sisi hatuna paa, tumegeuka rangi ya ardhi. Jioni tukaona mwezi mpya umeandama, mwembamba, juu ya njia yetu. Nikakanyaga mafuta.

Asubuhi tulifika. Wazee walikuwa wameshaketi chini ya mgunga, Gedi kati yao na fimbo yake magotini. Halima alikuwa ndani ya nyumba yake ya mikeka, hatua chache tu kutoka kwa wazee, anasikia kila neno. Nilizima gari, na kabla ya kushuka nikasikia mkubwa wao akiuliza, "Nani ana neno?"

Nikapaza sauti nikiwa bado juu ya kiti. "Mimi baba yake nina neno. Neno langu ni hapana."

Wakageuka wote. Gedi akasema, "Baba gani huyu, hata salamu hana?"

"Salamu inakuja. Neno limetangulia."

Mkubwa wao akacheka kidogo, akaficha kwa mkono. Akageukia mikeka. "Halima, umesikia?"

Sauti ikatoka ndani, haikutetemeka. "Neno langu ni la baba yangu."

Ikawa imekwisha! Springi, turubai, meno yangu, na mbuzi juu ya boneti, vyote kwa neno moja ambalo halikufika hata dakika. Gedi alinyanyuka akaenda zake bila kuaga. Wazee wakaanza habari za mvua.

Halima akaja na chai, uso umekonda, macho ni ya mama yake. Alinishika mkono akauweka kwenye paji lake. Nikamwambia, "Funga vyombo. Dahir anatengeneza nafasi wewe na watoto mkae."

"Tukae wapi, aabo?"

"Garini. Tunakwenda nyumbani."

Akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kuanza. "Watoto ni wa ukoo huu. Nikiondoka hawaondoki nami, unajua. Ngamia wa baba yao ni mali yao. Nikiwa hapa hakuna atakayegawa ngamia hao. Nikiwa Garissa, Gedi atawagawa kabla vumbi lako halijatua."

"Basi uliniitia nini?"

"Useme neno. Umelisema."

"Neno ningemtuma dereva wa lori!"

"Neno la dereva wa lori si la baba. Wangecheka." Akalitazama gari, springi iliyofungwa ngozi, mahali pa paa pasipo na paa. "Aabo, sikusema uje unichukue. Nilisema uje."

Dahir akajifanya anakagua tairi. Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika, na msiniambie hotelini kwamba binti ana akili. Najua ana akili. Mama yake alikuwa ametandika kitanda. Ningemwambia nini?

Siku ya pili waliamua kuhama kufuata mvua. Kwetu nyumba huvunjwa na kupakiwa na mwanamke. Alfajiri Halima alikuwa amemlaza ngamia wake, anamfungia mikeka na miti ya nyumba, watoto wakimshikia kamba. Alikuwa amenipa kibuyu cha nyirinyiri, nyama kavu ndani ya samli, nimpelekee mama yake, na tulikuwa tumeshaagana. Nikawasha gari. Nikangoja labda atageuka. Mtu anayepakia hageuki, ngamia akihisi mkono umelegea huinuka. Mimi ni mtoto wa ngamia, hilo nalijua. Nikapiga honi hata hivyo.

Hakugeuka. Nikapiga tena, ndefu, kwa hasira zangu zote. Ngamia akaruka wima, miti ikamwagika, mikeka ikamwagika, sufuria zikabingirika mpaka kwa Gedi, watoto wakakimbia huku na huku. Na Halima, amesimama katikati ya nyumba yake iliyotapakaa, kamba mkononi, ndipo akageuka akanipigia kelele mpaka wazee wakatoka nje:

"Aabo! Nenda!"